Nani Alimwuliza Mama?

Mtoto wa Vihiga, magharibi mwa Kenya, akipata kazi ya maana Nairobi, kuna tangazo ambalo halikawii. Mara nyingi hutolewa Krismasi ya kwanza, mbele ya wajomba na shangazi, chai ikiwa mezani: mama halimi tena. Watu hupiga makofi. Kijana wa shamba huandikwa, ng'ombe huuzwa kwa kuwa anasumbua, dada wa kazi huletwa, na sebuleni huingizwa viti vya sponji na runinga ya ukutani. Tangu siku hiyo kazi ya mama ni kukaa. Jirani akipita akamwona ameinamia kunde, simu inalia Nairobi jioni hiyo hiyo, na mama wa watu, aliyesomesha watoto kwa kuuza mboga soko la Luanda, anakaripiwa kama mtoto aliyekutwa akichezea kiberiti.

Nimekaa kwenye sherehe nyingi za namna hii na bado sijamsikia mtu akimwuliza mwenyewe anataka nini.

Tunaliita hilo heshima, na kwa kiasi fulani ni heshima kweli. Ila mimi naona woga wa kusemwa umo pia, tena mwingi. Sensa ya 2019 iliipata Vihiga ikiwa na zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba. Kwa msongamano huo, hakuna shamba lisiloonekana kutoka njiani. Mama wa miaka sabini na mitano akionekana na jembe, wanaohukumiwa ni watoto wake: hao wa mjini wana faida gani? Basi mama anaondolewa shambani ili majina yetu yabaki safi, na gharama analipa yeye kwa magoti yake, usingizi wake na akili yake.

Mjadala wetu kuhusu wazee umekwama kwenye swali la kazi au mapumziko. Hapo ndipo tunapopotea. Swali ambalo tafiti zinalirudia, na ambalo wazee wenyewe wangelitaja kama wangepewa nafasi, ni la uamuzi: ni mambo mangapi ya siku yake ambayo bado anayaamua mwenyewe? Mzee aliyekatazwa kulima na mzee anayelima kwa kulazimika wanaonekana wako pande mbili tofauti. Wote wawili hakuna aliyewauliza.

Tuanze na miguu, kwa sababu mtu akipoteza miguu mengine hufuata haraka. Misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, hilo halina dawa ya kulizuia kabisa. Kinachoharakisha upungufu huo ni kutotumika. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio dogo walilofanya kwa wazee wenye afya njema, wastani wa umri wao miaka 67. Waliwaweka kitandani siku 10 tu. Hawakuwa wagonjwa, walilala tu. Mwisho wake walikuwa wamepoteza karibu kilo moja ya nyama ya misuli ya miguu. Najua kiti cha sebuleni si kitanda, lakini mama anayeamka saa moja, akaketi mpaka chakula cha mchana, akaketi tena mpaka taarifa ya habari, anasafiri njia ile ile kwa mwendo wa taratibu.

Habari njema ni kwamba njia hiyo ina kurudi. Jaribio jingine, la mwaka 1990 huko Boston, liliwachukua wakazi dhaifu wa makao ya wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, likawapa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili kati yao waliacha kutumia fimbo. Walikuwa wachache, ndiyo, na mazoezi yalisimamiwa na wataalamu. Hata hivyo, mtu akiniambia mama yake wa miaka sabini na miwili "ameshazeeka, mwache apumzike", nawakumbuka hao wa miaka tisini.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kwa waliopita miaka 65 linaongeza mazoezi ya nguvu na ya kuimarisha usawa wa mwili, siku tatu au zaidi. Ukisoma pendekezo hilo ukiwa Sabatia au Emuhaya, unacheka kidogo. Kupalilia, kuchuma mrenda, kupanda kilima kwenda kanisani, kuchota maji, kuinama na kuinuka kumwagia kuku mtama: mama alikuwa na ratiba hiyo yote bila kocha, na sisi ndio tulioifuta.

Sisemi arudishiwe kila kitu. Mtungi wa lita 20 kichwani ni hatari kwa uti wa mgongo wa mtu wa umri huo, na kuinama saa nne mfululizo kunaumiza hata kijana. Hapa ndipo pesa za Nairobi zingefanya kazi ya maana. Tangi la maji ya mvua lenye bomba karibu na jikoni. Jembe jepesi lenye mpini mrefu. Magunia ya sukuma wiki na mnavu mlangoni, ili avune akiwa amesimama. Mbuzi wawili badala ya ng'ombe mwenye pembe. Kijana wa shamba abaki, lakini apokee maagizo kutoka kwa mama, asipokee kwa simu kutoka mjini. Huyo kijana ajue bosi wake ni nani. Na choo! Tunajenga nyumba ya vyumba vinne, halafu choo cha shimo kinabaki pale pale nyuma ya migomba, hakina taa, hakina cha kushika, na mtu mwenye magoti mabovu anatakiwa achuchumae humo usiku wa mvua. Nguzo mbili za mbao za kujishikilia, kiti chenye tundu ambacho fundi yeyote wa Majengo anaweza kukitengeneza, na taa ndogo ya sola njiani, vyote kwa pamoja havifikii bei ya ile runinga. Mzee akivunjika nyonga, hata akitibiwa vizuri Kakamega au pale Kisumu katika hospitali ambayo wenyeji wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, wiki za kulala zinazofuata ndizo zinazomaliza miguu niliyoitaja.

Upande wa akili una ushahidi wake. Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili, Ellen Langer na Judith Rodin, walifanya jambo rahisi katika makao ya wazee huko Connecticut, Marekani. Kundi moja la wazee liliambiwa kwamba maisha yao pale ni jukumu lao wenyewe, wapange vyumba wanavyotaka, wachague usiku wa kutazama filamu, na kila mmoja akapewa mmea wa kutunza. Kundi la pili nalo lilipewa mimea, ila likaambiwa wauguzi wataimwagilia. Kundi la pili lilitunzwa vizuri, hakuna aliyelinyima kitu. Baada ya wiki chache, waliokuwa na maamuzi na mmea wao walikuwa wachangamfu zaidi, wenye furaha zaidi na wenye kujishughulisha zaidi kuliko wenzao. Ni utafiti wa zamani, wa nyumba moja, na sitaujengea imani yote. Lakini nikiingia sebule za huku kwetu, wengi ninaowakuta wako katika kundi la pili.

Huzuni ya mzee wa kijijini huja kama maumivu, ndiyo maana hatuioni. Mama hasemi ana huzuni. Anasema mgongo, kifua kizito, kichwa, usingizi hauji, chakula hakina ladha. Anapelekwa duka la dawa, anapewa diklofenaki, anarudi wiki ijayo kuongezewa. Dawa za aina hiyo, zikimezwa miezi kwa miezi, huchoma tumbo, huumiza figo na hupandisha presha, na yeye tayari ana presha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 14 ya watu wenye miaka 60 na zaidi wanaishi na tatizo la afya ya akili. Huku kwetu wengi wao wanatibiwa mgongo.

Angalia pia mazungumzo yanavyokwenda kwenye chumba cha daktari. Mgonjwa ameketi katikati, lakini maswali yanampita yanamfikia mwanawe aliyesimama nyuma. Anakula? Analala? Anameza dawa? Mama anasikia yote, ana meno yake na ulimi wake, na alimzaa huyo anayejibu. Daktari hafanyi kwa ubaya, foleni ni ndefu na mwana anajibu kwa Kiingereza cha haraka. Lakini swali la kama maisha yana raha bado, au kama kuna siku anatamani asiamke, haliwezi kujibiwa na mtu mwingine, tena haliulizwi mbele ya mtoto.

Kwa wanaume hali ina sura yake. Mtumishi wa umma nchini hustaafu akiwa na miaka 60, tangu umri huo ulipopandishwa kutoka 55 mwaka 2009. Mwalimu au karani aliyeishi Nakuru miaka thelathini anarudi kijijini ambako kwa kweli ni mgeni. Mkewe, kama alibaki nyumbani, ana chama, ana kwaya, ana kikundi cha kuzikana, ana wenzake wa kuvuna nao. Yeye ana redio. Vijana wanamwamkia kwa adabu na kumpita. Miezi sita ya kwanza anapaka rangi lango na kugombana na mpaka wa jirani, kisha anaanza kushinda kwenye chang'aa, na familia inashangaa kwa nini mtu mstaarabu ameharibika uzeeni.

Mtafiti wa Marekani Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakachapisha mwaka 2010 kwamba wenye mahusiano imara na wenzao walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi, kwa takriban asilimia 50, kuliko wapweke. Katika boma la Waluo wa zamani hilo lilikuwa limepangwa: wanaume walikula pamoja kwenye duol, kibanda cha mwenye boma, na wasichana walilala siwindhe kwa nyanya, akiwafunza na kuwasimulia. Siombi turudi huko, kulikuwa na mengi ya kuachwa. Ila tuliondoa duol bila kuweka kitu mahali pake. Kilichobaki ni ajua, yaani bao, chini ya mti, na nathubutu kusema kwamba wale wazee wanaohesabu kete pale, wakitukanana kirafiki mpaka jua linapoinama, wanapata tiba ambayo wenzao wa sebuleni hawaipati. Kaunti inaweza kuweka paa na benchi chini ya mti wa namna hiyo kwa bei ya semina moja.

Sasa niende kwa wale ambao makala haya mpaka hapa yangewaudhi. Kuna nyanya wa Siaya, Homa Bay na Kisumu ambaye hakuna aliyemnyang'anya jembe. Angefurahi kama lingenyang'anywa hata wiki moja. Eneo hili ndilo lililopigwa zaidi na Ukimwi nchini, na tangu miaka ya tisini kizazi kizima cha watoto kililelewa na nyanya zao. Wengi walidhani wamemaliza. Leo wanalea tena, safari hii watoto wa wajukuu waliokwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, au waliozaa wakiwa shuleni. Mtu wa miaka sabini na minane anaamka saa kumi na moja kupika uji wa watoto wanne, anatafuta kuni, anaitwa shuleni kwa sababu mvulana wa darasa la saba amepigana. Ukimwambia habari za usawa wa mwili atakutazama tu.

Kwake yeye kazi imezidi, na juu ya hilo hakupewa nafasi ya kukataa. Mtoto hushushwa na pikipiki Jumapili akiwa na mfuko wa nguo; hakuna mkutano uliofanyika. Anayetaka kusaidia afya ya nyanya huyu aanze kwa kumpunguzia yale yasiyo na maana kwake, kama maji, kuni na sare za shule, na amwachie yale anayoyapenda, ambayo mara nyingi ni watoto wenyewe. Nimeona wakwe wenye nia njema wakifanya kinyume: wanawachukua wajukuu kuwapeleka bweni, wanamwachia nyanya kuni.

Macho na masikio niyaseme kwa ufupi. Kamisheni ya jarida la Lancet kuhusu dimenshia, ule ugonjwa wa kusahau unaozidi na kubadilisha mtu, ilisema mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya visa duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa iwapo mambo 14 yangeshughulikiwa. Usikivu uliopotea umo, macho yasiyotibiwa yamo, presha imo, upweke umo. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na Vihiga ina hospitali ya macho ya Sabatia inayofanya kazi hiyo. Hata hivyo wapo wazee wanaofifia gizani kilomita chache kutoka hapo, kwa kuwa kila mtu amekubali kwamba kutoona ni sehemu ya uzee.

Kutoelewa dimenshia kunaua pia. Oktoba 2021 huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Mzee anayetangatanga usiku, anayesema peke yake, anayejikuta kwenye boma la jirani bila kujua amefikaje, ana maradhi. Mahali ambapo hakuna aliyewahi kuelezwa hivyo, anapewa maelezo mengine. Na mara nyingine shamba lake ndilo linalotafutwa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inampa kila aliyepita miaka 60 haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa familia na Serikali. Serikali imetekeleza sehemu ya fedha. Chini ya Inua Jamii, tangu 2018 mpango ulipofunguliwa kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, mzee alitengewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni pesa kidogo, na kucheleweshwa kwake kumezoeleka hadi kukawa jambo la kutaniana sokoni. Hata hivyo zina sifa moja ambayo pesa za watoto hazina. Za M-Pesa kutoka Nairobi zinakuja na ya kutolea na maagizo: hii ni ya dawa, hii umpe kijana wa shamba, usimpe mtu. Za Inua Jamii ni zake. Nyanya hununua sukari, hutoa sadaka, humpa mjukuu hamsini ya kalamu, na jioni hiyo ni mtu anayetoa. Kiasi kiongezwe, na zifike kwa wakati, kwa sababu hiyo kabla ya nyingine zote.

Sehemu ya kushiriki, ambayo katiba imeitaja kwanza, haijaguswa. Na mfano upo, huko Zimbabwe. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na nyanya 14 wa Mbare, mtaa wa Harare. Hawakuwa wauguzi. Walifunzwa kuketi kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia mtu mwenye mawazo mazito kupanga tatizo lake na kulitatua hatua kwa hatua. Jaribio lililochapishwa 2016, lenye wagonjwa 573, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na dalili chache sana za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazee waligeuka kuwa watoa tiba.

Sisi tuna nusu ya mtambo huo tayari. Septemba 2023 Serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wenye mikoba ya kupimia presha na sukari, wanaoingia nyumba kwa nyumba. Waongezewe mambo mawili. Kwanza, maswali machache kuhusu usingizi, hamu ya kula na huzuni, yakiulizwa kwa mzee mwenyewe, kwa lugha yake, watoto wakiwa nje. Kipimo cha miguu pia ni rahisi: asimame kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi, aketi, akizidisha sekunde 12, yuko hatarini kuanguka na apelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Pili, kila zahanati iwe na benchi lake, na wakaaji wa benchi wawe nyanya na mababu wa eneo hilo, waliofunzwa na wanaolipwa. Nasisitiza kulipwa. Tumeshazoea kuwatumia wazee bure na kuwashukuru kwa soda.

Kisumu ilikuwa moja ya kaunti nne za majaribio ya afya kwa wote mwezi Desemba 2018, kwa hiyo haitakuwa mara ya kwanza kuanza na jambo jipya hapo. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, na vikao vya kukusanya maoni ya wananchi hufanyika kabla yake. Wengi wanaofika ni vijana na wenye biashara, kwa kuwa safari ya ukumbini inahitaji nauli na magoti mazima. Kikao kimoja cha mwaka ujao kipelekwe kanisani baada ya ibada, na kingine chini ya mti wa ajua. Afisa wa bajeti akae kwenye benchi na daftari, aanze na mkubwa kuliko wote, na asimkatize.